Kidudu cha Ukutani kwa Mama Domitille

9 mwezi wa tatu 2003, siku ya Mungu

Daftari hii ilikuwa ya kuandikia zamu za wachezaji. Wachezaji hawako tena, mashine haiko, kurasa ndizo zimebaki. Nitaandika humu msimu huu wote wa mvua, maana nisipoandika nitamtukana mtu mwenye bunduki. Masista walitufundisha Kiswahili bora kwa fimbo, basi nitajitahidi. Lakini watu nitawaandika vile wanavyosema.

Kabila ya mtu siandiki. Daftari ikishikwa, isimuue mtu. Wale walioshika Bunia toka mwaka jana na wakafukuzwa juzi, nawaita Wa Kwanza. Wale walioingia nyuma ya jeshi la Waganda, nawaita Wa Pili. Sisi ambao wazazi wetu walitoka Butembo kwa biashara na ufundi tuko katikati, na kila upande unatuambia turudi kwetu. Nimezaliwa hapa mtaa wa Saio, mimi Mbambu, binti ya Michel fundi wa karo, vile vigae vya ukutani. Kwetu kwingine sikujui.

11 mwezi wa tatu

Mvua. Hakuna kitu.

17 mwezi wa tatu

Leo nimefanya upumbavu, na nimefurahi tangu asubuhi.

Nianze na mashine. Nilikuwa na chumba cha mchezo hapa mbele ya nyumba: televizio moja, grupu ndogo ya kutoa umeme, na mashine ya zamani ambayo hata kule ilikotoka watu walishaitupa. Mchezo ulikuwa mmoja tu. Vidudu vilivyofanyizwa kwa vipande vya mraba vinashuka kutoka juu, safu kwa safu, na weye uko chini unavipiga visifike kwako. Watu wazima walikuja kupanga mustari kwa ajili hiyo. Fabien, mekanisie, fundi wa pikipiki, alikuja kila jioni miaka mitatu, na kila jioni alikufa kwenye safu ya tano. Mwaka jana wenye bunduki wakabeba televizio, grupu, mashine, hata mabenchi. Vidudu hawakubeba. Viko kichwani mwangu, kila kimoja na hesabu ya vipande vyake.

Baba aliniachia nyundo, burini ile patasi ya chuma, mwiko wa mwashi, na sheria moja: simenti moja, mchanga tatu. Mwenye kupunguza simenti, alisema, ni mwizi hata kama hajaiba. Na karo za kuvunjika ziko bure mji mzima. Nyumba za matajiri zimeporwa mpaka masinki, vyoo vimepasuliwa, buluu na nyeupe imemwagika njiani. Ninaokota na kapu, watu wanafikiri nimechanganyikiwa.

Kazi inafanyika hivi. Karo ninazikata mraba nyumbani, ninazipanga uso chini juu ya karatasi ya mufuko wa simenti, ninazigandisha kwa uji wa muhogo. Halafu ninangoja mvua. Mvua ikipiga mabati, kila mtu anaingia ndani na hakuna anayesikia nyundo. Ninapaka simenti ukutani chini ya paa, ninabandika karatasi nzima, ninapiga polepole na ubao. Maji yanalainisha uji, karatasi inatoka yenyewe, kidudu kinabaki. Dakika kumi. Mvua ndiyo inamaliza kazi.

Cha kwanza nimekibandika kwa Mama Domitille, jirani yangu, mjane wa kutoka Kpandroma anayeuza unga wa fufu. Ukuta wake wa kuelekea njia ulikuwa na matundu mawili ya risasi, sawasawa, kama macho. Yaliniudhi kila siku. Nimeyaweka karo nyekundu.

18 mwezi wa tatu

Domitille ameniita kabla sijanawa uso.

“Mbambu, kuya uone. Kuko nyama ku ukuta yangu.”

“Nyama gani, Mama?”

“Weye ndio unaniuliza? Iko na macho mbili na miguu ine. Halafu ile uji niliyokupa jana, ulikunywa yote?”

“Nilikunywa, aksanti Mama.”

“Eh. Ku midomo sioni uji. Ku vidole ndiyo naona.”

Nimeficha mikono. Amecheka mpaka amekaa chini. Najua siri hii hataisema popote. Jicho moja, ameniambia wakati naondoka, limekwenda juu kidogo. Si kweli.

2 mwezi wa ine

Vimefika vitano. Mvua inakuja kila siku saa nane, ninaingojea.

Hapo Saio kuna wanaosema ni alama ya shirika litakaloleta vyoo na maji. Mama mmoja ameweka bidoni zake chini ya kidudu tangu juzi, anashika nafasi. Wengine wanasema ni uchawi wa Waganda. Nimepita nikasikiliza, nikatikisa kichwa pamoja nao, nikasema kweli watu siku hizi hawana kazi.

8 mwezi wa ine

Risasi upande wa Mudzipela. Sikutoka.

11 mwezi wa ine

Mwalimu Donatien ametoa wanafunzi wake nje, wale wachache wanaokuja bado, amewasimamisha mbele ya kidudu cha ukuta wa nyumba ya masomo. “Ku safu hii, huku ni ngapi? Na huku?” Wanajibu sita, sita. “Basi hii kitu iko sawa pande zote,” akasema, “na ninyi mutajua kugawanya kwa mbili.” Nilikuwa nimesimama na kapu langu. Nilitaka kulia, mjinga mimi. Watu wa kufurahi na kitu nilichofanya, nilikuwa sijawaona tangu mashine iende.

19 mwezi wa ine, Jumamosi ya Posho

Kumbe kuna jambo.

Wa Pili wanapora mchana sasa, mtaa kwa mtaa. Jana wamepita njia yetu. Nilikuwa nimejifungia na Domitille nyumbani kwake, tumelala chini karibu na magunia ya unga. Tumesikia wamesimama nje. Mmoja akasema, “Hii acheni. Iko na alama ya mukubwa.” Wakaruka nyumba ya Domitille, wakaruka na yangu kwa kuwa imegusana nayo, wakaingia ya tatu.

Leo nimeelewa. Mkubwa wao mmoja alilala wiki nzima kwenye nyumba tupu ya chini ya njia, ile niliyobandika kidudu cha kijani. Watu wake wakafikiri amekiweka yeye. Huku mtu akichukua nyumba anaandika jina lake mulangoni, wao wameona kidudu wakasoma jina.

Domitille amenishika mkono na kusema Mungu ametumia uji wake.

22 mwezi wa ine

Nimebandika vitatu katika mvua moja. Kimoja kwa mwalimu Donatien, kikubwa, karo zote za buluu za chumba cha kuogea cha tajiri mmoja wa dhahabu ya Nizi. Nimekifanya kwa mapenzi. Hatajua nani.

27 mwezi wa ine

Ninachagua sasa. Huyu ndiyo, huyu hapana. Kwa yule muuza mafuta aliyemtukana marehemu baba siku ya matanga yake sikubandika, na jana wamemchukulia kila kitu, hata milango. Nimeona mke wake amekaa nje kwenye matope. Nimepita. Siandiki zaidi.

6 mwezi wa tano

Waganda wanaondoka. Magari tangu alfajiri, na nyuma yao watu na magodoro kichwani. Domitille anasema yeye miguu yake ya kwenda Beni ilishazeeka. Nimebaki naye.

7 mwezi wa tano

Bomu.

8 mwezi wa tano

Bomu. Unga tunao, maji hakuna.

10 mwezi wa tano

Mvua imetupa maji. Wanapigana ndani ya mji wenyewe. Karibu na Nyamukau kuna watu wamelala njiani na hakuna wa kuwazika. Niliona kitambaa cha mwanamke ninayemjua. Sitaki kujua zaidi.

12 mwezi wa tano

Wa Kwanza wamerudi. Wa Pili wamekimbia. Wanaimba njiani.

13 mwezi wa tano

Wamemchukua Donatien.

Mkewe, Martine, amekuja mwenyewe kunieleza, na kiatu kimoja mguuni. Walisimama mbele ya nyumba wakamwuliza, “Juu ya nini uko na alama ya adui ku ukuta yako?” Akawajibu kimwalimu, kwamba hajui nani ameiweka, lakini ni kitu cha hesabu, huku sita, huku sita. Wakafikiri anawachezea. Wamekwenda naye upande wa uwanja wa ndege.

“Ni nani alibandika ile kitu, Mbambu?” Martine ameniuliza. “Weye unazungukaka na kapu mji yote. Haukumuona hata siku moja?”

Nikasema hapana.

14 mwezi wa tano

Donatien ameonekana. Hayuko hai.

Nimekaa na sentensi hiyo tangu saa tatu na siwezi kuiongeza kitu. Ni mimi. Alama niliyompa kama zawadi ndiyo iliyomwua, na nilikuwa nimeifanya vizuri, haikutoka. Martine anasema alijaribu kuikwangua na panga wakati Wa Kwanza wanasikika bado mbali, ikamshinda. Simenti moja, mchanga tatu.

Saa kumi Wa Kwanza wamefika kwetu. Wanaume wanne. Wameandika msalaba wa chaki kando ya kidudu cha Domitille na kumwambia kesho asubuhi komanda atakuja kuangalia nyumba hii ya mikutano ya adui. Mama wa kutoka Kpandroma, kule walikotoka Wa Pili, mwenye alama ukutani! Nani atamsikiliza?

Mmoja wa wale wanne alikuwa Fabien. Fabien mekanisie wangu, wa safu ya tano, na bunduki. Alibaki nyuma.

“Nakijua hiki kidudu,” akasema. “Kinatoka safu ya pili. Ukikipiga unapata kumi.”

Nikainama kuchukua kapu langu niondoke.

“Mbambu, ni weye.”

“Ni mimi.”

“Juu ya nini?”

Nikamwambia ukweli, kwamba walichukua mashine na mimi nilitaka kuona kitu kimoja kimepangwa sawa katika mji huu. Akatazama kule wenzake walikokwenda. Halafu akasema, “Kesho sema vile. Na ukuje na vyombo vyako. Maneno hatayasadiki.”

Domitille alikuwa amesikia yote kwa dirisha. “Usiende,” akasema. “Mimi nimeishi, mutoto wangu. Nitaketi tu hapa.”

Naogopa. Lakini nimeshamwua mtu mmoja kwa kujificha.

15 mwezi wa tano

Sikungoja aje. Nilikwenda mwenyewe kwenye posti yao karibu na daraja, na kapu kichwani, Fabien mbele. Komanda ni mtu wa sauti ndogo, anakula karanga. Nikasema alama si ya adui, ni ya mchezo, na mwenye kuibandika ni mimi, Domitille hajui kitu na Donatien hakujua kitu. Niliposema Donatien aliacha kutafuna kidogo, halafu akaendelea.

“Mwanamuke anapiga karo?” akauliza.

“Binti ya Michel, komanda.”

“Basi piga. Hapa. Niangalie.”

Nilifanya kazi kwenye jua, kwa mara ya kwanza, watu kumi na bunduki wakinitazama mgongo. Niliposhika mwiko mikono ikatulia, hiyo ndiyo aibu yangu. Vipande themanini na nane. Fabien alikuwa anawaeleza wenzake jinsi kinavyoshuka na jinsi ya kukipiga, na wao wanacheka, wanaume wazima, kama zamani chumbani kwangu. Dakika hiyo nilisahau niko wapi. Kisha nikakumbuka.

Komanda akasimama mbele ya ukuta wake. “Kizuri,” akasema. “Sasa ni chetu. Muzee wa Kpandroma abaki kwake. Na weye utanibandikia kingine ku kila nyumba nitakuonyesha.”

Nilisema aksanti. Ndiyo, nilisema.

16 mwezi wa tano

Nyumba anazonionyesha ni za watu waliokimbia. Kidudu kikikaa, mwenyewe akirudi anakuta nyumba si yake tena. Leo mbili. Kesho mbili.

Nilimpelekea Domitille habari kwamba ameokoka. Hakuniangalia.

“Ku ukuta yangu kuko alama ya nani sasa?”

“Mama, ni ileile.”

“Hapana. Jana ilikuwa ya uji yangu. Leo ni ya bale batu ba komanda. Itoshe, uivunje.”

“Nikiitosha watasema tunawadharau! Watarudi, Mama.”

Akaingia ndani akafunga mlango. Miaka yote tunaishi ukuta kwa ukuta, mlango ule sijawahi kuukuta umefungwa mchana.

21 mwezi wa tano

Vya komanda vimefika vinane. Baba, nisamehe. Tangu cha kwanza cha amri yao ninachanganya simenti moja na mchanga kumi, na majivu ya jiko juu yake ili rangi ifanane. Ukikigusa leo ni jiwe. Mvua kubwa mbili, tatu, tutaona. Hata kile cha posti nilikitia mchanga mwingi, mbele ya macho yao, hakuna aliyejua. Nimekuwa mwizi wa simenti na ndiyo kazi safi pekee niliyofanya mwezi huu.

29 mwezi wa tano

Jua. Jua tena. Mvua imetuacha kabisa. Kwa nini sasa?

Asubuhi Domitille ameingia kwangu bila hodi, akachukua nyundo ya baba na burini kwenye kapu, akatoka bila kusema kitu. Mara nikasikia: ko, ko, ko. Anapiga kidudu. Ni bibi wa miaka sitini na tisa. Akisikia pikipiki anaacha, anaweka pagne yake ya kujifunga juu ya kidudu kama anaanika, anakaa. Pikipiki ikipita: ko, ko.

2 mwezi wa sita

Ko, ko. Ameondoa mguu mmoja na nusu. Nilikwenda kumsaidia, akanifukuza kwa mkono kama kuku.

6 mwezi wa sita

Ndege kubwa za Wafaransa zimeshuka. Watu wanasema vita imekwisha. Wa Kwanza bado wako na bunduki zao kwenye posti.

Mawingu jioni.

7 mwezi wa sita, Posho

Mvua! Toka mchana mpaka usiku, na upepo. Nimeketi nasikiliza kama mtu anayengoja mgeni.

8 mwezi wa sita, siku ya Mungu

Mvua ingine. Watu waliotoka misa wanasimulia: kidudu cha nyumba ya pembeni kimeanguka kizima, na cha ile ya juu, na cha ile ya mlango wa chuma. Nilisema pole. Nilifurahi dakika tano. Halafu nikamkumbuka komanda na karanga zake, na furaha ikaisha.

9 mwezi wa sita

Fabien amekuja leo asubuhi. Hakukaa.

“Vidudu vya komanda vinaanguka. Saba tayari. Kile cha ku posti kimebaki jicho moja.”

“Karo za kuokota, Fabien. Zimezeeka.”

“Ndiyo nilimuambia. Anasema ile ya kwa mama huyu imekaa toka mwezi wa tatu na mvua yote. Amenituma niiangalie. Kama ile imeshika na zake zinaanguka, basi weye ulijua kushikisha, na ulifanya makusudi.”

Sikuwa nimeupita ukuta ule tangu juzi, kwa sababu ya mvua na kwa sababu ya kuogopa uso wa Domitille. Nilijua tu kwamba siku ya mwisho nilipoangalia kilibaki kichwa kizima na macho. Kichwa kinatosha kuniua. Tulizunguka nyumba, Fabien mbele, mimi nyuma.

Domitille alikuwa anafagia njia. Nyuma yake ukutani kulikuwa na shimo la upana wa sinia. Hata kipande kimoja hakikubaki. Matundu mawili ya risasi yalionekana tena, pale pale.

“Mama,” Fabien akauliza, “kidudu iko wapi?”

“Imeanguka.”

“Lini?”

“Na mvua ya jana. Yote mara moja, puu! Kuku yangu moja bado haijarudi.”

Fabien akasogea karibu. Alama za burini zilikuwa kila mahali, mistari myeupe, mibichi, hata kipofu angezisoma na kidole. Miaka mitatu nimemwona mtu huyu akiangalia vipande vidogo kwenye kioo, macho yake hayakosi kitu. Akaangalia ukuta. Akamwangalia Domitille, mikono yake imefungwa vitambaa. Akaniangalia mimi.

“Mvua ya mwaka huu iko mubaya,” akasema. “Nitamuambia komanda zote zinaanguka. Fundi ndiye hajui kazi.”

“Muambie,” akasema Domitille. “Hajui hata kidogo. Baba yake ndiye alikuwa fundi.”

Tulisimama mpaka pikipiki yake ikapotea. Domitille akatoa nyundo chini ya pagne, akanipa. Mpini ulikuwa na damu kavu.

“Siku kumi na mbili,” akasema. “Simenti yako iko na kichwa nguvu sawa na weye. Macho yametoka leo saa kumi na moja ya asubuhi, karibu nikuite tupige pamoja, nikasema hapana, nitamaliza.”

“Mama, ya Donatien bado iko ku ukuta ya Martine.”

“Najua. Tutaenda siye wawili, na utamuambia Martine ni nani alibandika. Utamuambia na kinywa yako. Lakini kwanza ingia ndani.”

Mlango ulikuwa wazi. Akaniwekea uji. Safari hii niliunywa wote.